Kutembelea Pwani ya South Carolina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na Kanada, na mara nyingi pia na ndugu zao wanaokuja kuwatembelea na kutaka kuona kitu kingine mbali na majengo marefu ya New York. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine, kwa kuwa mahali pengine pana mengi ya kuonwa na mahali pengine panatosha kupitwa.

Kwa nini nichague South Carolina, wakati Florida ndiyo inayojulikana kwa fukwe?

Ikiwa unatafuta ufuo wa kuogelea peke yake, Florida itakutosha. South Carolina, jimbo dogo lililo kati ya North Carolina na Georgia, lina pwani ya takribani kilomita 300, na sehemu kubwa ya pwani hiyo imekatwakatwa na mito, hori, visiwa na vinamasi vya maji ya chumvi ambavyo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Katika visiwa hivyo wanaishi Wagullah, watu wenye asili ya Afrika ambao wamehifadhi lugha, vyakula, kazi za mikono na namna za kuabudu ambazo jamii nyingi za Wamarekani Weusi zilinyang'anywa. Mtu aliyelelewa na Kiswahili akifika hapo hukutana na ungo, kinu na mchi, bamia, wali wa kunde na chokaa ya kuchomwa, vyote katika nchi ambayo hakutarajia kuviona. Ushauri wangu katika ukurasa huu wote unatokana na jambo hilo moja: pwani hii ieleweke kwanza kupitia watu walioijenga, kisha ndipo majumba na bustani zake zitazamwe.

Wagullah ni nani hasa, na lugha yao inafanana na Kiswahili?

Ni wazao wa Waafrika waliotekwa na kuletwa kulima mpunga, nili na pamba kwenye pwani hii. Wengi walitoka Afrika Magharibi, hususan maeneo ya Senegambia na Sierra Leone ambako mpunga ulilimwa kwa ustadi mkubwa, na wengi wengine walitoka Kongo na Angola. Wachache waliletwa kutoka Msumbiji katika miaka ya mwisho ya biashara hiyo, kabla Marekani haijapiga marufuku uingizaji wa watumwa kuanzia tarehe 1 Januari 1808.

Kigullah ni lugha iliyozaliwa pale pwani kwa kukutana kwa Kiingereza na lugha nyingi za Kiafrika, kwa hiyo hutakisikia na kukielewa kwa sababu tu unajua Kiswahili. Hata hivyo, msomi Lorenzo Dow Turner alichapisha mwaka 1949 matokeo ya utafiti wake wa miaka mingi, akaonyesha maelfu ya maneno na majina ya watu yenye asili ya Afrika ambayo watu wa visiwani walikuwa bado wanayatumia. Karanga, kwa mfano, huitwa kwa neno lililotoka kwa *nguba* ya Kikongo, neno ambalo msomaji wa Kinshasa hahitaji kutafsiriwa. Agano Jipya lilitolewa kwa Kigullah mwaka 2005. Tangu mwaka 2006, serikali ya Marekani imeutambua ukanda mzima wa pwani kutoka North Carolina hadi kaskazini mwa Florida kuwa urithi wa Wagullah, ambao upande wa Georgia hujiita zaidi Wageechee.

Nahitaji siku ngapi, na nianzie wapi?

Siku sita au saba zinatosha bila kukimbizana. Wengi hufikia Charleston, ambako kuna uwanja wa ndege na kituo cha treni za Amtrak zinazotoka New York na Washington. Mimi hupendekeza usiku tatu Charleston, usiku mbili Beaufort au St. Helena, na usiku mmoja au miwili upande wa kaskazini karibu na Georgetown. Barabara kuu namba 17 ndiyo uti wa mgongo wa safari: inafuata pwani karibu yote, na kutoka Charleston ni takribani kilomita 110 kwenda Beaufort kusini na kilomita 150 kwenda Myrtle Beach kaskazini. Alama za barabarani zinahesabu maili, si kilomita.

Ndani ya Charleston, nianze na nini?

Anza na Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa tarehe 27 Juni 2023. Yamejengwa mahali palipokuwa na gati la Gadsden. Charleston ilipokea watumwa wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Amerika ya Kaskazini, na gati hilo lilikuwa mlango wao mkubwa katika miaka ya mwisho ya biashara hiyo. Jengo lenyewe halikuwekwa ardhini. Limeinuliwa juu ya nguzo, ili ardhi waliyokanyaga wale watu ibaki wazi.

Usiingie ndani mara moja. Pita kwanza chini ya jengo upande wa bahari, ambako kuna bwawa la kina kifupi sana. Kwenye sakafu yake zimechongwa sura za watu waliolazwa bega kwa bega, miguu imenyooshwa, kama walivyopangwa katika tumbo la meli. Maji hupanda yakazifunika, kisha hushuka zikaonekana tena. Niliwahi kusimama hapo na mama mmoja wa makamo kutoka Tanga ambaye alikuwa amekwisha kulitembelea Kanisa la Mkunazini kule Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hakusema neno kwa dakika nyingi. Alipozungumza, aliuliza tu kama watoto nao walilazwa hivyo hivyo, na jibu ni kwamba ndivyo walivyolazwa.

Tenga angalau saa tatu kwa ajili ya makumbusho hayo, na nunua tiketi mapema kwa sababu huuzwa kwa muda maalumu wa kuingia. Ndani kuna pia kitengo cha kusaidia watu kutafuta nasaba za familia zao.

Ni kweli kwamba Soko la Mjini ndilo walikouzwa watumwa?

Hapana, ingawa utasikia hivyo mara nyingi. Soko lile refu lenye mabanda lilikuwa la nyama, samaki na mboga, na watumwa walikuja pale kununua na kuuza bidhaa. Minada ya watu ilifanyika hadharani karibu na jengo la zamani la Exchange, na baada ya mji kupiga marufuku minada ya barabarani mwaka 1856, ilihamia ndani ya nyua na majengo. Jengo mojawapo limebaki katika mtaa wa Chalmers, mtaa mdogo uliotandikwa mawe, na leo ni Makumbusho ya Old Slave Mart. Ni padogo, maandishi ni mengi kuliko vitu, na inafaa kusoma pole pole.

Kutoka hapo unaweza kutembea kwa miguu hadi kanisa la Mother Emanuel katika mtaa wa Calhoun. Usharika huu ni miongoni mwa sharika za kale zaidi za Wamarekani Weusi Kusini mwa Marekani. Denmark Vesey, aliyenyongwa mwaka 1822 kwa kupanga uasi wa watumwa, alihusishwa nao. Tarehe 17 Juni 2015, mtu mwenye chuki za rangi aliwaua waumini tisa waliokuwa katika somo la Biblia. Kanisa linaendelea na ibada. Ukienda Jumapili, nenda kama mwenye kuabudu, umevaa kwa heshima, na kamera ibaki mfukoni.

Je, inafaa kutembelea yale mashamba makubwa yenye majumba mazuri?

Inafaa, ikiwa utachagua vizuri. Yapo mashamba ambako mgeni huonyeshwa maua, vyombo vya fedha na ngazi za mbao, na waliofanya kazi hutajwa kwa sentensi moja. Pia siwezi kukubali tabia ya watu kufanyia harusi mahali ambapo wengine walichapwa viboko, ingawa wanaofanya hivyo ni wengi.

Ukiwa na nafasi ya shamba moja tu, nenda McLeod kwenye kisiwa cha James, dakika chache kutoka katikati ya mji. Hapo waongozaji huanzia kwenye vibanda vya mbao vya watumwa vilivyo kando ya njia ya mialoni, na jumba la mwenye shamba huwa la mwisho. Vibanda hivyo viliendelea kukaliwa na familia za Wagullah muda mrefu baada ya uhuru, hadi karibu na mwisho wa karne ya 20. Mwombe mwongozaji akuonyeshe matofali. Mengi ya matofali ya zamani ya Charleston yalifinyangwa na watumwa, wakiwemo watoto, na katika baadhi yake unaweza kuona alama za vidole vilivyoyashika kabla hayajakauka. Niliweka kidole changu juu ya alama mojawapo nikaona kwamba mkono ule ulikuwa wa mtoto mdogo mno kuwa kazini.

Mashamba ya Middleton Place, Magnolia na Drayton Hall yako kando ya mto Ashley na yana bustani za kupendeza. Drayton Hall, jumba la karne ya 18 lililoachwa bila samani na bila kukarabatiwa liwe jipya, lina makaburi ya Waafrika ambayo yanastahili ziara kuliko jumba lenyewe.

Na Fort Sumter?

Ni ngome iliyo kisiwani mlangoni mwa bandari, ambayo ilipigwa kwa mizinga ya kwanza ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe tarehe 12 Aprili 1861. Unafika kwa boti tu, na safari nzima huchukua zaidi ya saa mbili. Kwa wapenda historia ya vita ni muhimu. Kwa wengine, safari ya boti yenyewe ndiyo inayofurahisha zaidi kuliko kuta za ngome.

Vikapu vinavyouzwa barabarani ni vya kweli? Mbona bei yake ni kubwa?

Ni vya kweli, na bei yake ni halali. Kaskazini ya Charleston, katika Mount Pleasant, utaona mabanda ya mbao kando ya barabara namba 17, na akina mama wamekaa wakishona. Wenyewe husema *kushona*, si kusuka, na wako sahihi: si ukili unaopishanishwa kama mkeka wa kwetu, bali ni shada la majani marefu linalozungushwa mzunguko juu ya mzunguko na kufungwa kwa utepe wa ukindu. Kifaa chao huwa ni mpini wa kijiko uliokatwa na kunolewa ncha, ambao hutoboa nafasi kati ya mizunguko ili utepe upite. Rangi ya kahawia iliyokolea hutokana na majani ya msonobari, na harufu ile tamu kama ya nyasi kavu baada ya mvua hutokana na nyasi zenyewe, ambazo sasa ni adimu kwa sababu majumba na viwanja vya gofu vimeziba njia za kwenda zinakoota.

Kikapu kidogo huweza kuchukua siku nzima, na kikubwa miezi. Asili ya ufundi huu ni shambani: chombo cha kwanza kilikuwa ungo mpana wa kupepetea mpunga baada ya kuutwanga kwenye kinu. Yeyote aliyewahi kumwona bibi yake akipeta mchele, akirusha na kuudaka huku makapi yakichukuliwa na upepo, atautambua ungo wa Wagullah mara tu akiuona. Tafadhali usipunguze bei kama uko Kariakoo. Salimia kwanza, uliza kikapu kimetengenezwaje, na kama huna uwezo wa kununua, shukuru uende.

Njiani kutoka Charleston kwenda Beaufort kuna cha kusimamia?

Kipo, ingawa wengi hupita kwa kasi. Karibu na mto Stono, Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, kundi la watumwa, wengi wao wakitoka Angola, lilitwaa silaha na kuandamana kuelekea Florida ya Wahispania ambako waliahidiwa uhuru. Uasi ulizimwa kwa damu nyingi.

Mbele zaidi barabara inavuka nchi tambarare ya mito ya Ashepoo, Combahee na Edisto. Yale maji yaliyogawanywa katika miraba na matuta yaliyonyooka unayoyaona kutoka darajani ni mashamba ya mpunga ya zamani. Watumwa walikata misitu ya vinamasini, wakachimba mifereji kwa majembe, na kuweka malango ya mbao yaliyofungua na kufunga maji matamu ya mtoni kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Bahari ikijaa husukuma maji ya mto juu, lango hufunguliwa na shamba hunywa; bahari ikipwa, lango la pili huachia maji yatoke. Elimu hiyo ya maji na mpunga ilitoka Afrika pamoja na watu, na utajiri wa Charleston ulisimama juu yake.

Daraja la mto Combahee lina jina la Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa na kuwaongoza wengine kutoroka. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, yeye na askari weusi wa jeshi la Muungano, yaani jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyoasi, walipanda mto huo kwa meli, wakachoma maghala ya mpunga na kuwatoa utumwani watu zaidi ya 700.

Beaufort pana nini?

Ni mji mdogo, tulivu, wenye mialoni iliyofunikwa na mimea ya kijivu inayoning'inia kama ndevu. Jina lake hapa hutamkwa *Biufati*, na wenyeji wataona wepesi kukuelekeza ukilitamka hivyo. Tafuta nyumba iliyo mtaa wa Prince, ambako Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839. Akiwa mshika usukani wa meli ya kijeshi ya majimbo ya Kusini iliyoitwa Planter, alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wa meli walipokuwa wamelala mjini, alivaa kofia ya nahodha, akawapakia mkewe, watoto na wenzake, akapita mbele ya ngome za Charleston akipiga honi za ishara sahihi, na kujisalimisha kwa wanamaji wa Muungano. Baada ya vita aliinunua nyumba ile ile ya aliyekuwa bwana wake, kisha akachaguliwa kuwa mbunge wa Marekani. Nyumba hiyo ni ya watu binafsi, kwa hiyo itazame ukiwa barabarani. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, mwendo mfupi kwa miguu.

Kwa nini nifike kisiwa cha St. Helena, karibu na Beaufort?

Kwa sababu hapo historia bado inaishi na wenyewe. Mwaka 1862, vita vikiwa bado vinaendelea, ilianzishwa hapo shule ya Penn kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Leo inaitwa Penn Center: majengo meupe chini ya mialoni, makumbusho madogo, na kanisa la matofali lililojengwa na watumwa mwaka 1855, ambamo wao wenyewe walikalishwa roshani. Katika miaka ya 1960, Martin Luther King na wenzake walikuja kupumzika na kupanga mikakati hapa, kwani palikuwa miongoni mwa mahali pachache Kusini ambapo watu weusi na weupe waliweza kulala mahali pamoja. Kila Novemba kuna sherehe za siku kadhaa za urithi wa Wagullah.

Kilomita chache kutoka hapo, kando ya barabara ya Lands End, kuna magofu ya kanisa dogo la karne ya 18. Sogea hadi uguse ukuta. Utaona maganda ya chaza yamejaa ndani yake, mengine yakiwa mazima, kingo zake zikikwaruza kiganja. Ukuta huo ulijengwa kwa kuchoma maganda ili kupata chokaa, kisha chokaa hiyo kuchanganywa na mchanga, maji na maganda mengine. Kwa aliyewahi kuzitembelea nyumba za kale za Lamu, Gede au Kilwa, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa, mkono unatambua kabla ya macho. Sisemi kwamba ufundi ulitoka kwetu ukafika kwao. Watu wa pwani mbili zisizo na mawe ya kawaida waliigeukia bahari iwape chokaa.

Unapopita barabara za vumbi za kisiwani utaona dari za baraza na fremu za madirisha zilizopakwa rangi ya samawati. Wazee husema rangi hiyo huzuia mizimu isiingie nyumbani.

Ufuo gani ni mzuri zaidi?

Napenda Hunting Island, hifadhi ya jimbo iliyo mbele ya St. Helena, yenye mnara wa taa wa mwaka 1875 ambao ulijengwa kwa vipande vya chuma na ukahamishwa mwaka 1889 bahari ilipousogelea. Mnara hufungwa wakati wa ukarabati, hivyo hakikisha kabla ya kwenda. Bahari inaendelea kuula msitu, na miti mikavu imesimama na kulala mchangani kwa mandhari ya huzuni na uzuri pamoja.

Botany Bay kwenye kisiwa cha Edisto ni pa aina hiyo hiyo, na maganda ya konokono wa baharini yametundikwa kwenye matawi kwa sababu hairuhusiwi kuyachukua. Hufungwa siku za Jumanne. Angalia ratiba ya maji kabla ya kuondoka. Niliwahi kuwaendesha wageni kutoka Charleston hadi huko bila kuiangalia, tukafika bahari imejaa kabisa na ufuo hakuna, mawimbi yakipiga kwenye mizizi ya miti. Tulirudi bila kukanyaga mchanga, na lilikuwa kosa langu, kwani mtu wa pwani anapaswa kuuliza habari za maji kwanza.

Hilton Head ni kwa matajiri tu?

Hoteli zake nyingi ni za gharama. Hata hivyo, Mitchelville ipo huko: mji wa kwanza wa watu waliotoka utumwani kujitawala wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1862, wenye sheria zake na elimu ya lazima kwa watoto. Leo ni bustani ya kumbukumbu kando ya bahari. Baada ya daraja kujengwa mwaka 1956, familia nyingi za Wagullah zilipoteza ardhi kisiwani, mara nyingi kwa sababu ardhi ilirithiwa na ukoo mzima bila hati, na mrithi mmoja aliyeuza fungu lake aliweza kusababisha shamba zima kunadiwa mahakamani. Wasomaji wenye mashamba ya familia pwani ya Kenya na Tanzania wataelewa uchungu huo bila maelezo.

Kaskazini kuna nini zaidi ya Myrtle Beach?

Myrtle Beach ina ufuo mrefu, michezo ya watoto na umati mkubwa wakati wa kiangazi. Familia zenye watoto hufurahi. Jirani yake ni Atlantic Beach, mji mdogo ulioanzishwa miaka ya 1930 ili watu weusi wapate ufuo wakati walipokatazwa kwingine. Bustani za Brookgreen zimejaa sanamu chini ya mialoni, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya mpunga. Georgetown ina Makumbusho ya Mpunga chini ya mnara wa saa, na ndiko alikozaliwa Joseph Rainey, mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1870.

Chakula je? Na kwa Muislamu?

Utakula vizuri, na utashangaa. Kuna wali wa nyanya, wali wa kunde, supu ya bamia, kamba juu ya uji mzito wa mahindi ya kuparaza, biskuti nyembamba za ufuta, na karanga za kuchemsha zinazouzwa kando ya barabara, zikiwa na maganda na chumvi kama za kituo cha basi nyumbani. Kuna pia chakula kinachoitwa *perloo*, wali uliopikwa sufuria moja na kuku au kamba. Jina hilo ni ndugu wa *pilau*, ila usitafute bizari, iliki wala karafuu ndani yake.

Jihadhari na nguruwe. Hutiwa kwenye wali wa nyanya, kunde na hasa mboga za majani, hata pale ambapo huoni kipande cha nyama. Uliza waziwazi kama kimepikwa na mafuta au mfupa wa nguruwe. Samaki, kamba na kaa ndiyo njia rahisi, ingawa inafaa kuuliza pia mafuta ya kukaangia. Misikiti ipo Charleston. Na habari ya Omar ibn Said inafaa kujulikana: mwanachuoni wa Kiislamu kutoka eneo la Senegal, aliyeletwa Charleston mwaka 1807 na ambaye mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu.

Niende mwezi gani?

Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Juni hadi Agosti joto na unyevu ni kama Dar es Salaam mwezi wa Februari, pamoja na mbu, na usubi hutoka jioni kwenye vinamasi, ingawa hupatikana pia majira ya kuchipua. Msimu wa vimbunga huanza Juni mosi na kuisha mwisho wa Novemba. Septemba 1989 kimbunga Hugo kiliharibu sehemu kubwa ya Charleston, kwa hiyo amri ya kuhama ikitolewa, ondoka siku hiyo hiyo. Maji ya bamvua hufurika mitaa ya chini ya Charleston hata bila mvua. Kati ya Mei na Oktoba kasa hutaga na mayai yao huanguliwa fukweni, na taa za upande wa bahari huzimwa usiku. Kwenye maji matamu kuna mamba. Usimsogelee wala kumlisha.

Ninaweza kusafiri bila gari?

Ndani ya Charleston, ndiyo. Visiwani, hapana. Kodisheni gari kwa pamoja, na mkumbuke kwamba huendeshwa upande wa kulia.

Nina siku moja tu. Nifanye nini?

Ondoka Charleston kabla ya saa moja asubuhi, pita barabara namba 17 na usimame karibu na mto Combahee utazame mashamba ya mpunga. Ufike Penn Center inapofunguliwa, uzungumze na walio pale, kisha uende kwenye magofu ya kanisa la chaza. Kula mchana kisiwani, kamba na wali. Rudi Charleston uwahi makumbusho ya gati la Gadsden ukiwa na tiketi uliyonunua mapema, na ukitoka, teremka tena hadi kwenye lile bwawa, usubiri maji yashuke.